Nilivyosimamisha treni ya mizigo kilima cha Pugu kwa jezi nyekundu

Wakuu, habari za muda huu.

Nina kisa ambacho mke wangu amenikataza kukisimulia kazini, kwa hiyo nakileta huku ambako hakuna anayenijua sura. Sitatia chumvi. Hata bila chumvi kinanitia aibu ya kutosha.

Nianze na mzee wangu.

Mzee alikuwa dereva wa treni za mizigo kwenye reli ya zamani, ile nyembamba, kabla hatujawa watu wa treni za umeme. Miaka mingi aliendesha kichwa kimoja cha treni ambacho madereva walikipachika jina la Shangazi, kwa sababu kilikuwa kinalalamika muda wote lakini kazi kinafanya. Marehemu mama alikuwa akisema ameolewa uke wenza na chuma.

Sasa madereva wa enzi zile walikuwa na utaratibu wao. Mwenzao akistaafu anapewa safari ya kuaga. Anaendesha mwenyewe, anapiga honi njia nzima, na kila stesheni wenzake wanatoka nje kumpungia. Mpaka ufanye safari hiyo, kwao wewe hujastaafu, hata kama barua unayo mkononi.

Mzee wangu hakuipata. Wiki mbili kabla ya siku yake alipigwa kiharusi, upande mzima wa kushoto ukalala. Barua ya kustaafu aliletewa kitandani.

Siku hizi anaishi kwangu Tegeta. Anaongea vizuri, akili iko timamu, ila kutembea ni shida na safari ya gari zaidi ya nusu saa inamuumiza. Na Tegeta hakuna reli wakuu. Kuna malori ya kokoto na foleni tu. Mzee anakaa kwenye kochi anasikiliza malori na kuyadharau.

Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja anayepanga mabehewa bandarini akaniambia Shangazi anaondolewa kazini. Umri umeenda, vipuri hakuna. Zimebaki safari chache tu.

Nikamwambia mzee. Akasema, "Kanichukulie sauti yake."

Sio picha. Sauti. Na akanielekeza pa kusimama: baada ya Gongo la Mboto, pale reli inapoanza kupanda kuelekea Pugu. "Hapo ndipo anapoimba," akasema.

Nikaomba off kazini, Alhamisi moja, nikaondoka alfajiri. Jamaa alisema treni ingetoka bandarini saa mbili asubuhi.

Wakuu, kama hujawahi kusubiri treni ya mizigo, usijaribu bila chakula. Ratiba yake anaijua Mungu. Saa mbili ikapita, saa nne ikapita. Nikanunua mihogo ya kukaanga kwa mama mmoja jirani na reli, akaniuliza kama mimi ni mpima viwanja. Nikamwambia nimekuja kuangalia treni. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea kipande.

Hapo katikati ile ya umeme ilipita kwenye njia yake upande wa pili. Nzuri, safi, ya haraka, siisemi vibaya. Lakini ilipita kama friji linalosukumwa. Mimi nimekulia kwenye nyumba za reli, nimezoea treni ambayo ikipita vikombe vinagongana kabatini.

Saa saba na nusu hivi nikamsikia. Ule mngurumo mzito unaoanzia miguuni kabla haujafika masikioni, halafu moshi mweusi nyuma ya miembe. Shangazi mwenyewe, rangi imebabuka, nyuma kavuta mabehewa ya makontena nisiyoweza kuyahesabu.

Nikawasha video. Nilikuwa juu ya tuta, mbali na reli, salama kabisa.

Hapo ndipo nikafanya ujinga.

Nikawaza, mzee anataka sauti, na sauti bila honi haijakamilika. Nimpungie dereva apige honi. Kwa sababu ya jua nilikuwa nimevua jezi nikajifunika kichwani. Jezi ya timu yangu. Mnajua ni timu gani, rangi mnaijua, na nyie watani wa njano na kijani naomba mtulie nimalize. Nikaishika jezi nikaipunga kwa nguvu zote huku nikiruka ruka.

Dereva hakupiga honi. Dereva alifunga breki.

Wakuu, kwenye reli chochote chekundu kinachopungwa maana yake ni simama, kuna hatari mbele. Mtoto wa kota za reli anajua hilo kabla hajajua kusoma. Mama alikuwa haruhusiwi hata kuanika khanga nyekundu upande wa njia. Na mimi, mtu mzima, mtoto wa dereva, nikalisahau kwa furaha.

Treni ikasimama katikati ya kilima, kichwa usawa wangu kabisa.

Dereva akashuka. Jamaa wa makamo, mnene kiasi, na hasira zake zote. "We braza, reli imekatika wapi?"

Nikamwambia haijakatika. Nikamwambia nilikuwa nataka honi.

"Honi?" Akamgeukia msaidizi wake aliyekuwa anachungulia dirishani. "Eti anataka honi! Nina tani ngapi nyuma hapa unajua wewe? Panda, unaenda kukabidhiwa kituoni."

Nikaanza kujieleza kwa kigugumizi, baba yangu alikuwa dereva, alikiendesha kichwa hiki hiki, anaumwa. Akanikata.

"Mtoto wa dereva gani anapunga nyekundu kwenye reli? Haya, mpigie huyo baba yako nimsikie."

Nikapiga, nikaweka loudspeaker. Nikamweleza mzee kilichotokea. Nilitegemea anitetee.

"Umepunga nini?" mzee akauliza.

"Jezi, baba."

"Nyekundu?"

"Ndio."

"Mpumbavu wewe. Mpe simu mwenye treni."

Dereva akaanza kulegea usoni. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nisamehe kwa huyo, amefanana na wajomba zake. Umesimama wapi hasa?"

Wakaongea kireli dakika moja nisielewe nusu. Kisha dereva akanirudishia simu, akapanda kujaribu kuondoka, maana kila dakika aliyosimama ilikuwa inazuia njia. Shangazi akanguruma, magurudumu yakazunguka palepale na kupiga kelele ya chuma kwa chuma. Hakusogea hata hatua. Akarudisha nyuma kidogo, akajaribu tena. Wapi.

Kama asingepanda, ingebidi kiletwe kichwa kingine kumsukuma. Nikaona kabisa safari yake mojawapo ya mwisho inaishia kwa fedheha, na sababu ni mimi.

Mzee alikuwa anasikiliza yote kwenye simu. "Anateleza," akasema. "Muulize mchanga unatoka?"

Kwa wasiojua, vichwa hivi vinabeba mchanga mkavu, unamwagwa mbele ya magurudumu ili yashike reli. Dereva akajibu kutoka dirishani kwamba ameshafungua, yeye si mgeni wa kazi.

"Kulia unatoka," mzee akasema. "Kushoto hautoki. Bomba la kushoto la mbele huwa linaziba akisimama mlimani, tangu zamani. Mwambie aligonge. Sio kwa nyundo, litapasuka. Jiwe. Mara tatu, karibu na kiungo."

Msaidizi akashuka, akachungulia, akacheka. Kweli, kulia mchanga umejaa, kushoto pakavu. Akaokota jiwe la kwenye reli. Akagonga mara tatu. Mchanga ukashuka kama sukari kwenye kikombe.

Dereva akanitazama. Akavua kofia.

Akavuta tena. Safari hii magurudumu yakashika. Shangazi akaanza kupanda pole pole, na wakuu, ile sauti sikuwahi kuisikia hata utotoni, kwa sababu nyumbani kwetu alikuwa anapita tambarare. Ilikuwa sauti ya kitu kizee kinachobeba mzigo wake chenyewe. Nikaisogeza simu mbele, mkono wote nje. Video nilishaisahau.

Halafu dereva akapiga honi. Sio moja. Alianza pale na akaendelea, ndefu, fupi, ndefu, kilima chote hadi kwenye kona, kama wanavyofanya wakimuaga mtu.

Behewa la mwisho lilipopita nikarudisha simu sikioni. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe mzee alikuwa analia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata siku tunamzika mama.

"Baba?"

"Amefika juu?"

"Amefika."

"Mkia umepita?"

"Umepita, baba."

Akavuta pumzi. "Haya. Njoo nyumbani. Nimestaafu."

Jioni nilimkuta amejiegemeza kwenye fimbo mlangoni, ananisubiri anitukane vizuri ana kwa ana. Alinitukana nusu saa nzima. Sijawahi kutukanwa na mtu mwenye furaha kiasi kile.

Nilichojifunza: kama una mtu nyumbani anayemisi kazi yake, usimpelekee video. Mpigie simu ukiwa pale pale, mwache awe na la kusema.

La pili, jezi yangu sasa inakaa nyumbani, siku za mechi tu.

Waliokulia kota za reli mpo? Nyie kichwa chenu kilikuwa kinaitwa nani? Mwageni hapa chini, nitamsomea mzee. Na watani, haya sasa, semeni.