Mahali pa Lusweti

Pale Kambi Muru, Kibera, kama kuna mtu aliyenishinda kupiga gita kavu, lile lisilo la umeme, ni Khamala tu, na hata yeye nilimwachia kwa roho safi. Mchana alikuwa fundi wa vitanda. Jioni alishika gita, na rafiki yake Lusweti akimgongea chupa ya soda kwa msumari. Lusweti alipofariki, mwaka wa sabini na tatu, Khamala alitundika gita ukutani, basi.

Sasa binti ya Lusweti, Nanyama, akawa anaolewa. Akaja kumwomba Khamala apige arusini.

"Bila baba yako? Chupa atagonga nani?"

Msichana akaenda zake akijifuta macho.

Mimi, msione hivi, nilikuwa nimepaka rangi ukumbi mmoja wa mjini, mzima, peke yangu, haya, karibu peke yangu. Mlinzi wa mlango alinijua. Jumapili moja ikasemekana kuna Mwamerika anapiga jazi kwa piano. Nikamvuta Khamala.

Akatokea mtu mmoja, akaketi.

"Shiundu, wenzake wako wapi?" Khamala akaniuliza.

"Hana."

"Wamegombana?"

"Nyamaza wewe, tuko kwa watu!"

Yule bwana alipiga polepole. Mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unapiga stori. Katikati ananyamaza kidogo, halafu anaendelea. Mara nikasikia ko-ko, ko. Kumbe ni Khamala! Anagonga kiti kwa pete yake, pale pale ambapo Lusweti angegonga. Watu wakageuka. Nami nikageuka, nikamtazama kama simjui.

Mpiga piano alipofika tena pale pa kunyamaza, alingoja zaidi. Khamala akainua mkono, kisha akaurudisha gotini. Ukumbi kimya, na mdundo bado unatembea ndani ya kimya kile. Hata mimi niliusikia.

"Ameacha mahali pa mtu," Khamala akaninong'oneza.

Kurudi Kibera maneno yalikuwa mengi. Niliyasema yote mimi. Lakini kesho yake alishusha gita, akatia nyuzi mpya, akaenda kumwona Nanyama.

Arusini aliketi peke yake. Kila alipofika mahali pa chupa, aliinua vidole, akangoja, akaendelea. Kina mama wakataka kujaza kwa makofi. Nanyama, aliyelelewa na nyimbo zile, aliwatuliza kwa mkono huku akiendelea kucheza.

"Acheni, mama zangu. Hapo ni pa baba."