Mama Sidonie wa Murara, Aliyekataa Kuamka

Alizaliwa Nyangezi, upande wa Bukavu, tarehe 9 Agosti 1963, mtoto wa tano katika nyumba ya Wakristo waliosali sana na kula kidogo. Wapo wanaosimulia kwamba saa ile chumba kilijaa mwanga. Mimi nilimuuliza dada yake mkubwa, aliyekuwepo, akaniambia mvua ilikuwa inanyesha, kibatari kimezimika, na shangazi aliyempokea mtoto alikuwa anagombana na kila mtu. Basi tuanze na ukweli, maana mama huyu alichoshwa vya kutosha na uongo wa watu waliompenda.

Akiwa na miaka kumi na sita alimwona jirani akifa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, huku wanawake saba wamemzunguka wakisali rozari na hakuna hata mmoja aliyejua la kufanya. Sidonie alisali nao hadi mwisho, kisha akamwambia baba yake kwamba anataka kusomea ukunga. Alipata diploma mwaka 1984, akaolewa na Wenceslas Munguakonkwa, karani mpole wa maneno machache, na mwaka 1989 wakahamia Goma. Alifanya kazi katika kituo cha afya hadi Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipokifunika kituo kile pamoja na vitanda vyake na mizani ya watoto. Wenzake walisubiri kijengwe upya. Wajawazito hawakuweza kusubiri, kwa hiyo Sidonie akatenga chumba kimoja cha nyumba yake ya mbao mtaani Murara, akachemsha vyombo vyake na kufungua mlango. Tangu siku hiyo hakuwa na mkubwa wa kumwomba ruhusa, wala mwenzake wa kumpokea zamu.

Hapo ndipo lilipoanza jaribu lake, nalo hakuletewa na shetani, aliletewa na sisi. Mtaani kwetu watu wameshikilia kwamba mkono uliompokea mtoto wa kwanza ndio uwapokee wadogo zake wote, na mwanamke akibadili mkono atajiletea balaa. Katekisimu haina habari hizo, nimeisoma yote. Lakini waumini walewale wanaopokea komunyo kila Jumapili walikuwa tayari kukaa uani kwa Sidonie, uchungu umewabana, kuliko kwenda kwa mkunga mwingine. Alipougua malaria walimwamsha. Alipokwenda Nyangezi kumzika mama yake walimpigia simu akiwa bado makaburini. "Miye si mashine!" aliwakaripia. "Siku moja nitaanguka, mutafanya je?" Nao wakamjibu kwa mapenzi makubwa, "Lakini mama, mukono yako njo tunajua," yaani huo ndio mkono wanaoujua, na wiki iliyofuata wakarudi.

Mwezi wa Juni 2014 alikuwa na siku tatu za homa kali alipoletewa Jeanine, mama wa watoto wawili, wote waliopokewa na Sidonie. Akaamka. Alimpokea mtoto salama, lakini kichwa kilikuwa kinamzunguka na mikono inatetemeka, na kipande cha kondo la nyuma kikabaki ndani bila yeye kukiona. Jeanine alitokwa damu hadi akafariki njiani kupelekwa hospitali. Familia haikumlaumu, walisema ni mapenzi ya Mungu, wakamletea hata kuku wa kumshukuru kwa kujitahidi. Kuku yule alimuumiza kuliko tusi lolote. Alilia siku mbili, na siku ya tatu akamwambia Wenceslas maneno ambayo mzee huyo hakuyasahau: "Mungu alinilalisha. Miye njo nilimukatalia, nikaamuka."

Wiki hiyohiyo alikwenda mtaa wa Katindo kwa Nasiba, mkunga wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema, ambaye naye alikuwa akizalisha peke yake nyumbani kwake. Walikubaliana hivi: kila mjamzito wa mmoja, tangu mwezi wa saba, atapimwa na wote wawili, Alhamisi, ili tumbo lizoee mikono minne, namba za simu za wote wawili zitaandikwa kwenye kadi yake, na mmoja akiugua, mwenzake atapokea bila mjadala.

"Dada, mupango ni muzuri," Nasiba alisema. "Lakini watu yako watakubali?"

"Watakubali kwa nguvu."

Hawakukubali. Kila Alhamisi mguu wa mtu ulimuuma, au mvua ilimzuia, mvua ambayo haikumzuia kufika sokoni. Mmoja aliichana namba ya Nasiba kwenye kadi yake. Namjua, ni shemeji yangu. Miaka minne Sidonie alifuata wanawake hao nyumba kwa nyumba, akawashika mikono kama watoto wa shule, akawapeleka Katindo yeye mwenyewe, na usoni hakuwa na tabasamu la watakatifu wa kwenye picha. Alikuwa amekasirika, na alistahili.

Machi 2019 homa ya matumbo ilimwangusha. Nasiba alijulishwa, wajawazito wote wakatumiwa ujumbe. Hata hivyo, siku ya tano, saa nne asubuhi, Mukamugema alifika na binti yake Héritière, ambaye uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Walitoka Katindo, mtaa uleule wa Nasiba. Walipita mbele ya mlango wake.

"Mama Sidonie, amuka kidogo tu," Mukamugema aliomba nyuma ya ukuta wa mbao. "Weka tu mukono."

"Ahana," Sidonie alikataa. "Mukono yangu inatetemeka. Nasiba mumemupita njiani!"

"Ule hatusali naye kanisa moja, mama."

"Mutoto anatanguliza miguu, na weye unaniambia mambo ya kanisa?" alifoka Sidonie, kwani alikuwa amempima Héritière wiki mbili kabla na alijua. "Papa Wenceslas, funga mulango yangu. Ita Nasiba."

Mzee akafunga, akapiga simu. Nasiba alifika kwa pikipiki, akaingia na Héritière chumba cha kuzalishia, na kwa saa nzima Sidonie alisikia kila kitu kupitia mbao. Aliuma shuka. Halafu Nasiba akanyamaza, na mkunga anajua maana ya mkunga mwenzake kunyamaza. Sidonie akashusha miguu sakafuni. Wenceslas alisimama mlangoni. Jeanine alikuwa mbele ya macho ya Sidonie, na mwili wote ulimwambia aende. Akatazama mikono yake. Ilikuwa bado inatetemeka. Akairudisha miguu kitandani, mguu mmoja baada ya mwingine, akageukia ukuta akilia. Mtoto akapiga kelele. Damu ilikuja nyingi, lakini Nasiba alikuwa na mikono imara na sindano ya kuzuia damu tayari, na kufikia saa saba mama na mtoto walikuwa hospitalini, wazima.

Mnadhani watu walijifunza? Kufikia Jumapili parokia nzima ilisimulia kwamba Sidonie alimwokoa Héritière kwa sala zilizopenya ukuta. Alipopata nguvu alisimama mbele ya wanawake wa shirika lake la parokiani, amekonda, akapaza sauti: "Nilikuwa nimelala! Munasikia? Nilikuwa nimelala. Ni Nasiba!" Wakapiga makofi, wakasema ni unyenyekevu.

Alifariki tarehe 17 Mei 2022, kwa ugonjwa wa figo, baada ya wiki sita kitandani. Katika wiki hizo wanawake kumi na mmoja wa kwenye orodha yake walijifungua mikononi mwa Nasiba. Wote wanaishi, na watoto wao wanaishi. Mtu akiniuliza muujiza wa Mama Sidonie, namwonyesha watoto hao kumi na mmoja.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na si kazi yangu kulitangulia. Lakini nawaomba waamini waache kuchota udongo wa kaburi lake kuwafunga wajawazito tumboni, yeye angewafukuza. Nasiba yuko Katindo, na sasa anafanya kazi na mkunga kijana, Charline, kila Alhamisi. Nendeni huko. Na ninyi mnaofanya kazi kwa mikono yenu wenyewe, mnaotegemewa na wengi, mwigeni leo mkiwa wazima: tafuteni mwenzenu, mpelekeeni watu wenu wamzoee. Kisha siku mtakapougua, laleni.