Nilipaka wanja kuficha kope zilizonyonyoka kwa chemo, nusura niache dawa

Assalaam alaykum wakuu, na wa salamu nyingine pia, hamjambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Miaka napita tu, nasoma mnavyogombana, nacheka, naondoka. Leo naandika.

Mtanisamehe makosa ya herufi. Maandishi ya simu nimeyakuza mpaka maneno matatu yanajaza kioo, na nikiandika kidogo napumzika. Uzi huu umenichukua siku nne. Sina nguvu za kutia chumvi, kwa hiyo mtakachosoma ndicho kilichotokea.

Mimi ni mwanamke wa Pemba, kijijini upande wa Mgogoni, sokoni kwetu ni Konde. Nina mume, Hamad, na tunaishi na mama yake, Bi Mize. Kazi yangu ni kushona kofia za mkono.

Kwa wasiojua, kofia hizi zinaanza na kitambaa cheupe kilichochorwa maua kwa penseli. Unatoboa vitobo vidogo kufuata mchoro, halafu kila kitobo unakizungushia uzi. Kofia moja ina vitobo mamia, na kimoja kikienda kombo kinaonekana. Kofia nzuri inachukua miezi. Ni kazi ya macho kuliko ya vidole.

Basi. Nikapatikana na saratani ya titi. Kwetu hatuitaji, tunasema "maradhi yale". Nikafanyiwa upasuaji, nikaambiwa sasa chemo, kila baada ya wiki tatu, Dar. Boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar, nafikia kwa binamu yangu, nachomwa dripu, narudi. Ukimaliza kutapika, safari nyingine hiyo.

Nywele nilijua zitatoka, zikatoka. Kichefuchefu nilijua. Ulimi kuwa kama umelamba shilingi, nilijua. Nesi alisema, "Mabadiliko yoyote utuambie." Mimi nilielewa yoyote ya tumbo na ya kidonda. Macho sikuyatia humo.

Baada ya dozi ya tatu nikawa siioni tundu ya sindano.

Nilidhani uchovu. Nikasogea dirishani. Nikabadilisha sindano, nikachukua ya tundu kubwa. Uzi ukawa unapita pembeni tu. Na machozi, wakuu. Yanatiririka yenyewe, huna huzuni, huna kitunguu, unafuta na kanga mpaka ngozi chini ya jicho inawaka moto. Kisha macho yenyewe ndani makavu, kama yana mchanga. Sikuelewa kitu kinawezaje kutoa maji hivyo na bado kiwe kikavu.

Wakati ule mkononi nilikuwa na kofia ya Hamad. Nilimuahidi kabla sijaugua. Nikaendelea kuishona kwa kupapasa, halafu siku moja nikaikunja nikaitia ndani ya sanduku la nguo, chini kabisa. Nikasema nyumbani kuwa mikono inakufa ganzi. Ganzi kidogo ilikuwepo kweli, lakini nilidanganya.

Kwa nini nilificha? Nitasema wazi maana humu hamnijui.

Niliogopa madaktari wakijua watasema chagua, dawa au macho. Na moyoni nilishachagua. Mimi bila macho ni nani? Kofia ndiyo kazi yangu, ndiyo jina langu kule kijijini. Nikajiambia nitakwenda safari moja tu ya mwisho, kisha nitasema nimechoka, na nitakuwa nimesema kweli.

Kisha kope zikatoka. Zote. Sijui kama mmewahi kujitazama kwenye kioo huna kope. Nywele nilizifunika kwa mtandio, hakuna aliyeuliza. Kope huzifuniki.

Bi Mize aliona machozi tu, kope hakuziona, maana na yeye macho yake ya kizee. Akaja na kichupa chake cha wanja.

"Mwanangu, nshakwambia, macho hayo yataka wanja. Mie tangu kuolewa sijakosa wanja Ijumaa, na uzi natunga mwenyewe."

Kichupa kile ni cha nyumba nzima. Kijiti kimoja, anapaka yeye, anapaka wifi yangu akija, wanapakwa watoto wachanga wa jirani wakiletwa. Hakuna aliyewahi kuona ubaya. Na ni sunna, nani atakataa?

Nikapaka. Nikajitazama kwenye kioo, na wakuu, niliona mtu. Ule mstari mweusi ulikaa pale pale zilipokuwa kope. Nikaongeza. Kesho yake palikuwa na arusi Konde, nikaenda, nikakaa katikati ya wanawake wenzangu, na mmoja akanishika kidevu akasema, "Hebu tazama macho ya huyu!"

Ile siku nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuieleza. Nilikula pilau nikasahau kama ladha yake ilikuwa ya chuma. Nikawa napaka kila siku.

Siku ya tano niliamka jicho la kushoto halifunguki. Limegandana. Nikaosha kwa maji ya vuguvugu likafunguka, jekundu, linatoa usaha. La kulia likafuata. Safari ya Dar ilikuwa keshokutwa. Nikanunua miwani nyeusi Konde, nikapanda boti. Hamad alinitazama sana.

Hospitali nesi akauliza kama kila mara, "Kuna jipya lolote, mama?"

"Hamna."

Akanisogezea fomu na kalamu. Nikasaini. Akaitazama fomu.

"Mama, umesaini juu ya meza."

Akanivua miwani mwenyewe, taratibu. Nikasema ni vumbi la njiani. Akasema, "Vumbi la baharini?" Pale nikaanza kulia, na safari hiyo machozi yalikuwa yangu mwenyewe.

Daktari alikuja, mama wa makamo, sauti imechoka kama yangu. Nikamwambia yote, wanja, kofia, na kwamba ile ndiyo ilikuwa dozi yangu ya mwisho kwa sababu bora nife nikiona kuliko niishi kipofu.

Akavuta kiti. "Nani kakwambia lazima uchague kimoja?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe.

Akanieleza kuwa dawa nyingine za chemo hukausha macho, na jicho likiwa kavu hujitetea kwa kumwaga machozi. Na zipo zinazobana vile vijia vidogo vinavyopitisha machozi, yakakosa pa kwenda. Hata vile vidonge ninavyopewa kabla ya dripu vinaweza kutibua sukari mwilini na kutia macho ukungu kwa siku kadhaa. Mengi ya haya hutulia. Lakini lazima mtu aseme mapema. Usaha ndio ulimtisha, kwa sababu kinga yangu ilikuwa chini kabisa, na kijiti cha watu kumi kilikuwa kinaingia machoni mwangu kila siku.

Dozi ikaahirishwa. Nilipelekwa kwa watu wa macho, nikapewa dawa ya usaha na matone ya kulainisha, nikakaa kwa binamu siku kumi. Kisha nikachomwa dripu. Nilikubali.

Nyumbani nilimwambia Bi Mize kwanza. Nilichagua maneno, lakini alielewa.

"Kumbe n'kikutia maradhi mie?"

"Hapana mama. Mimi ndiye niliyeficha."

Akakitazama kichupa chake, akakifunga, akakiweka juu ya kabati. "Basi na mie sipaki mpaka weye umalize." Wakuu, yule mzee alikwenda Ijumaa zote zile macho matupu. Watu wakamuuliza kama anaumwa.

Kwa Hamad ilikuwa ngumu zaidi. Nilipoanza kueleza aliinuka, akafungua sanduku, akatoa ile kofia.

"N'liiona zamani," akasema. Akapitisha kidole juu ya vitobo. Upande wa kushoto mstari umeacha maua, umekwenda zake. "Huno si mkono wa ganzi. Nikasema, huyu haoni."

Nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Akasema aliogopa akisema nitaacha dawa.

Tulikaa hapo wote wawili, kila mmoja na hofu ile ile, tumeificha ndani ya sanduku moja.

Nilimaliza dozi zote. Sasa naenda kuangaliwa tu. Jicho la kulia limerudi, kwa miwani natunga sindano. La kushoto bado linalia likijisikia. Kope zimeota, fupi fupi, hazina adabu. Uchovu haujaondoka, sitawadanganya.

Nilichojifunza ni kidogo. Unayechomwa chemo, jicho likibadilika hata kidogo, sema siku hiyo hiyo, usingoje uulizwe. Usitie kitu machoni, hata cha baraka, bila kumuuliza daktari. Na wewe unayeuguza, ukiona kitu, sema na wewe. Kunyamaza kwenu hakutulindi.

Waliopitia haya ya macho, nambieni yalichukua muda gani kutulia. Na mwenye njia ya kutunga uzi bila kutukana aiweke hapa, nitaisoma polepole.

Kofia nilitaka kuifumua. Hamad alikataa. Nilimalizia kwa jicho moja, na kila Ijumaa anaivaa, upande ule mbovu kaugeuzia mbele.