Konokono wa Sebuleni Kwetu

Sijui kama wewe umewahi kurudi kwenu kwa mtumbwi, ukapita juu ya uwanja uliokuwa ukiufagia kila asubuhi. Mimi nimerudi hivyo majuzi. Ziwa Tanganyika limepanda, limekula mtaa wetu wa pwani pale Uvira nyumba moja baada ya nyingine, na yetu haikusamehewa. Mvuvi aliyenipeleka alipiga kasia polepole kati ya migomba iliyokauka, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwonyesha nyumba yenye dirisha la kioo. Mabati yamekwenda, mlango umekwenda, maji yamefika juu ya kizingiti cha dirisha, lakini kioo kipo. Nikajivuna papo hapo mbele ya mtu nisiyemjua. Yeye alidhani nina wazimu, ila wewe nitakusimulia.

Baba alikuwa fundi wa vioo. Cheka tu, hata sisi tulicheka: fundi wa vioo katika mji wa vita! Vita vya kwanza vilipopita, watu walimwita kila upande awatilie vioo vipya. Vya pili vilipokuja walikuwa wameshajifunza, wakapigilia mbao madirishani, na baba akabaki na kisu chake cha kukatia kioo bila kazi. Mwenye duka mmoja, kabla ya kukimbia, alimwachia kioo kikubwa kilichonusurika na risasi. Baba alikikata, akaviunganisha vipande kwa gundi ya masitiki, akatengeneza sanduku kama lile aliloliona zamani katika hoteli moja ya Bujumbura. Ndani akatia mchanga, mawe ya upande wa Kalundu, na maji ya ziwa tuliyobeba kwa bidoni, lile dumu la plastiki. Akatuambia jina lake ni akwariumu. Mtaa ulikataa jina hilo gumu, ukaliita ziwa ya mu nyumba.

Samaki tuliowatia walikufa juma lile lile, kwa kuwa hatukuwa na mashine ya kuwapa pumzi. Bibi, mama yake baba, aliwatazama kwa uchungu wa mtu aliyeona kitoweo kikipotea. Waliobaki ni konokono, ambao hakuna aliyewaalika. Walikuja wamejificha kwenye mawe, wadogo, wa kahawia, magamba yao yamejikunja kama skurubu. Walipanda kioo wakila utando wa kijani, na ukiketi upande wa pili unaona kinywa kikifunguka na kufungika, kikilamba taratibu. Nilikuwa naweza kukaa pale mpaka ugali ukapoa.

Kuwatunza ilikuwa kazi yangu. Nilipunguza maji machafu, nikaongeza mapya ya ziwani, nikawapa jani la lengalenga, mchicha wa kwetu, lililochemshwa. Jani hilo nililipata kwa bibi, aliyekuwa nyuma ya nyumba akitwanga majani ya muhogo ya sombe, na hakulitoa bila manung'uniko. Alisema tangu azaliwe hajaona wageni wanaokula kabla ya wenyeji. Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa ilijaa uwanja mzima, mchi ukilia, na mimi nikipita na jani langu moja kwenye sahani kama mtu anayempelekea padri chakula.

Shuleni waliniita Mama Konokono. Niliona haya siku mbili tatu, kisha mwalimu akaleta darasa zima kuangalia, na mimi ndiye niliyesimama mbele kueleza. Nikawaonyesha kile kifuniko kidogo kigumu ambacho konokono hukivuta akijirudisha ndani. Nikasema huo ndio mlango wake. Hakuna aliyecheka tena, na nakuambia bila aibu, sijawahi kuwa mtu mkubwa kama siku ile.

Halafu wakaja wanajeshi kutafuta watu wa kuwabebea mizigo kwenda milimani, upande wa Mulenge. Ilikuwa asubuhi, baba alikuwa anakunywa chai. Hawakumpiga. Walimwonyesha njia kwa bunduki tu. Aliniambia niangalie ziwa lake, akatoka, na alipokuwa nje aligeuka akauvuta mlango taratibu mpaka ukabana, ili wanajeshi wengine waliokuwa wakipita wasituone ndani.

Siku zikaenda, hakurudi. Wengine waliochukuliwa naye walirudi, wakasema walitenganishwa njiani. Mimi nikawa na hesabu yangu ya kitoto: konokono wakiwa wazima, baba mzima. Sikumwambia mtu yeyote. Nilisugua kioo kile mpaka mama akaniuliza kama nataka kukitoboa.

Mambo mawili yakatupata pamoja. Wanajeshi walikataza watu kufika ufukweni, na kipindupindu kikaingia mtaani. Jirani yetu muuguzi, mama mwema asiyejua kupumzika, alipita nyumba kwa nyumba akitia dawa katika kila chombo chenye maji. Alitia katika ndoo, katika mtungi, na kwa bidii yake akatia na katika akwariumu. Niliporudi kutoka kisimani, konokono wote walikuwa wameanguka chini, wametulia juu ya mchanga. Nililia kilio ambacho mama hakukielewa. Akanipa pole, kisha akaniambia nikamwage maji yale nje.

Siku hiyo hiyo wamama wa mtaa walikuwa wamekuja. Walikaa mkekani, wakasema kwa upole kwamba kumngoja mtu bila mwisho ni kujitesa, afadhali tuketi matanga ya baba ili moyo upoe. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi aliinuka, akatumbukiza mkono ndani ya sanduku, akatoa konokono mmoja na kumbonyeza kifunikoni kwa ukucha. Kifuniko kilikuwa kimebana.

"Weye, acha kulia," aliniambia. "Hii iko muzima. Ingekufa, mulango ingebaki wazi." Kisha akawageukia wamama wale, konokono angali kiganjani. "Mufu hafunge mulango. Na mutoto wangu alitoka hapa akafunga mulango, minye nikiona."

Matanga hayakukaliwa. Wamama walikunywa chai wakaenda, na najua wengine walisema bibi amechanganyikiwa. Yeye alichukua bidoni, akanishika mkono, tukashuka ufukweni. Mwanajeshi wa kwenye kizuizi alituuliza maji ni ya nini. Bibi akanitazama mimi.

"Ni ya konokono," nikasema.

Aliuliza kama tunawala. Nikamwambia hapana, ni wa baba, aliwaacha. Akatazama miguu yangu, kisha akaichukua bidoni akaingia majini yeye mwenyewe na kuijaza. Sijui alikuwa mtoto wa nani.

Tulimwaga maji ya dawa, tukasuuza mchanga, tukajaza ya ziwa. Asubuhi konokono wa kwanza alikuwa kiooni, pembe zake nje, analamba. Baada ya muda nikaona vitu vidogo kama punje za ulezi vikitembea juu ya mawe. Wale konokono wetu hawatagi mayai, huzaa. Katikati ya vita, sebuleni kwetu kulizaliwa watoto, nikaenda kutangaza mtaa mzima kama mkunga.

Baba alirudi mvua zilipoisha, amekonda, miguu imevimba, na ndevu nisizozijua. Mama alipiga kelele, bibi akakaa chini. Yeye alitukumbatia sote, kisha akachuchumaa mbele ya sanduku na kutazama kwa muda mrefu.

"Kumbe zimezaa," akasema. "Minye nilizani nitakuta kioo tupu."

Nikachuchumaa kando yake nikaanza kumhesabia wale wadogo. Nilikuwa nimejaa fahari.

Amani kidogo ilipokuja, watu waling'oa mbao wakarudi kwake kutaka vioo. Nyumba ya fundi haikuweza kubaki na mbao. Tuliwarudisha konokono ziwani, baba akalifungua sanduku, na kile kipande kikubwa cha mbele akakitia dirishani. Ndicho hicho nilichomwonyesha mvuvi.

Baba na bibi wamelala makaburini sasa, kule juu ambako maji hayajafika. Jirani muuguzi amehamia Sange. Mtaa wenyewe, na viwanja vyake, na sauti ya michi, hutaukuta tena. Niliinama kutoka mtumbwini niguse kioo cha baba kwa mara ya mwisho. Chini ya maji, penye utando wa kijani, palikuwa na konokono wa kahawia akilamba taratibu, kama hajawahi kwenda popote. Nikamgusa kwa ncha ya kidole.

Akavuta mlango wake, akaufunga.