Viraka vya Magotini

Bertila Lugembe ameshona sare za shule katika mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, kwa miaka ishirini na sita. Alizaliwa kijijini Lusu, akaishia darasa la saba, akafundishwa cherehani na mama mkwe wake. Wateja wanamjua kwa mambo mawili: mshono wake haufumuki, na huuliza maswali yake yote kabla mtu hajaondoka.

Nguo kuukuu humweleza mengi. Sare za shule nyingi huletwa mifuko ikiwa imechanika, au zimechakaa nyuma kwa kukaa. Lakini shule moja ndogo ya binafsi, nje kidogo ya mji, ilimsumbua akili. Suruali za wavulana wake zilitoboka magotini, na sketi za wasichana zilichakaa mbele, usawa wa goti.

"Wanapigishwa magoti," jirani yake Zablon, fundi baiskeli, alimwambia. "Adhabu hiyo."

Bertila alitia viraka, ila jibu hilo halikumwingia akilini.

Januari, binti yake Advera alimleta mwanawe Adelina, mwenye miaka tisa, kutoka Lusu. Darasa la kijijini lilikuwa na watoto mia moja na kumi. Advera na mumewe walikuwa wameuza ng'ombe ili mtoto asome shule ya kulipia, na uchaguzi wakamwachia bibi.

Bertila alianza na shule kubwa yenye geti la bluu. Alionyeshwa chumba cha kompyuta, zote zimefunikwa vitambaa. Akaomba akae nyuma ya darasa asikilize. Karani alimtazama kwa mshangao.

"Mama, hilo hatujawahi kuombwa."

"Basi leo mmeombwa," alisema Bertila. Hakuruhusiwa.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi shule ya viraka. Mwalimu mkuu, Nestory, alimwamkia shikamoo, akamsikiliza, akampeleka moja kwa moja barazani. Watoto thelathini walikuwa wamepiga magoti juu ya sakafu ya saruji, chaki mkononi, wakichora njia ya misafara ya zamani kutoka Ujiji hadi Bagamoyo. Walipima kwa kamba, wakagombana kidogo kuhusu Tabora ikae wapi.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, watu wengi hivyo walikunywa maji wapi?"

Mwalimu alifikiri. "Sijui," akasema, akaliandika swali ubaoni. "Tutatafuta."

Bertila alikuwa hajawahi kumsikia mwalimu akisema hajui. Alikaa mpaka kengele ya chakula.

Ofisini, alisema wazi kwamba ng'ombe wa Lusu angetosha nusu ya ada tu.

"Si wewe peke yako," alisema Nestory. "Yupo mzazi anayeleta maharage ya jikoni, yupo anayetengeneza madawati. Tunapatana, tunaandikiana. Wewe unafanya nini, mama?"

"Nashona. Viraka vya watoto wako ni vyangu."

Nestory akacheka. "Nimejiuliza muda mrefu ni nani huyo."

Walipatana: nusu kwa fedha, nusu kwa sare na matengenezo. Adelina alianza Jumatatu. Wiki mbili za kwanza alilia akitaka kurudi kwao, na Bertila akawaza kama amekosea. Wiki ya tatu mtoto alirudi na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, akadai apewe futi ya kupimia nguo apime chumba.

Tangu hapo wazazi humjia Bertila wakiuliza shule ipi ni nzuri. Hawatajii jina. "Nenda ukae nyuma ya darasa," huwaambia, "halafu uniambie ulichoona."

Zablon naye alikwenda, kwa ajili ya mwanawe. Alirudi amechagua shule ya serikali ya jirani, isiyo na ada.

"Kuna mwalimu wa hesabu pale, anafundishia gurudumu la baiskeli," alisema. "Mtoto hataki kutoka."

Bertila hakubisha. Jumatano iliyofuata alifunika cherehani yake asubuhi, akaenda kumwona mwalimu huyo.