Gemu Aliyoichagua Bibi

Wiki iliyopita nilisimama kwenye duka moja la vifaa vya umeme pale Majengo, wanangu wawili wamenishika kila mmoja mkono wake, wananivuta huku na kule kana kwamba mimi ndiye ninayeuzwa. Mkubwa anataka gemu hii, mdogo anataka ile, na kwangu mimi zote mbili ni maboksi meusi yanayofanana. Muuzaji, kijana mpole, akanieleza habari za bando, za akaunti na za kupakua. Kaseti ya kuchomeka hakuna tena, wala sidii ya kupangusa kwa fulana. Nilimsikiliza kwa adabu zote, lakini akili ilishaondoka zamani. Ilikuwa sebuleni kwetu, mbele ya runinga ya chogo, zile za mgongo mnene, yenye kitambaa cha kufuma juu yake, mwaka ule bibi alipotaka kutukimbia.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mkulima wa Hombolo. Aliletwa kwetu mjini akiumwa kifua, na daktari akasema asirudi shamba mpaka mavuno yapite. Bibi alikubali kwa mdomo tu. Uwele ulipoanza kutoa masuke, utulivu ukamwisha, maana huo ndio wakati wa kuamia. Kama hujawahi kuamia, basi ni hivi: unakaa shambani kutwa nzima, juu ya dungu la miti, unapiga kelele na kurusha kombeo ili ndege wasimalize nafaka yako kabla hujaionja. Bibi alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu utoto. Sasa alikaa uani kwetu kwenye kigoda, anachambua mlenda na kutazama juu, na kundi lolote la ndege likipita alisonya. "Ndege hawana habari na daktari," alituambia.

Chai akaanza kuikataa. Vidonge alivimeza amenuna. Halafu siku moja nilitoka shule nikamkuta amefunga nguo zake kwenye kanga, amelikalia fundo lake mlangoni, anangoja baba arudi kutoka kazini amuage. Mimi nililala naye kitanda kimoja, na kikohozi chake nilikijua kuliko daktari yeyote. Niliona wazi kwamba akienda kukaa juani na kwenye umande, hatutamwona tena. Niliogopa sana, msomaji wangu, na sikuwa na wa kumwambia.

Mjomba alifika alasiri hiyohiyo. Huyu ni kaka yake mama, alikuwa na duka la redio na pasi, na alikuja amekumbatia gemu mbili. Tuzijaribu, alisema, tuchague moja, nyingine airudishe dukani. Moja ilikuwa ya sidii, na ndani yake wachezaji mpira wenye sura za watu kabisa. Nyingine ilikuwa ya kaseti, picha vidoti vidoti, muziki wa kuumiza kichwa, ila ilikuja na bastola ya plastiki ya kupigia ndege kwenye runinga. Kaka yangu alitaka ya sidii, kwa sababu kila kijana wa mtaani aliyejiheshimu alitaka ya sidii. Mimi niliwaona wale ndege kwenye kioo, nikaliona na lile fundo mlangoni, nikang'ang'ania kaseti kwa nguvu zangu zote.

Tuligombana mpaka mama akatishia kumrudishia mjomba zote mbili. Baba alipoingia akatoa hukumu yake ya kila siku: aamue mkubwa wa nyumba. Yaani bibi.

Bibi alisogea na kigoda chake. Walimwanzishia mpira. Aliutazama, pedi ya kuchezea imelala mapajani, kisha akauliza, "Vijana wote hawa wenye nguvu, mashamba yao analima nani?" Kaka akajishika kichwa.

Nikachomeka kaseti, nikampa bastola. Ndege wa kwanza aliporuka kutoka kwenye majani, bibi akaidondosha bastola sakafuni, akasimama, akapiga makofi mawili na kupaza sauti iliyotikisa vikombe kabatini: "Haiyaaa!"

"Bibi, hawasikii!" tukamwambia.

"Watasikia tu."

Ndege wakaruka wote wakapotea juu ya kioo. Gemu ikapiga kale kamuziki ka kudhihaki, na kaka akamweleza bibi kwa upole kwamba ameshindwa, ndege wote wamekimbia. Bibi akamtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Nimeshindwaje? Wamekwenda, uwele umebaki. Ninyi mlitaka nini?"

Bibi akamgeukia baba. "Tuachieni hii. Shamba utanipeleka Jumamosi. Kwanza niwafundishe hawa watoto kuamia."

Jumamosi ilipofika, akasema bado hatujaweza. Iliyofuata, vilevile. Shamba lake likaamiwa na shangazi, na sisi kila tukitoka shule tulimkuta ameshakaa mbele ya runinga na sahani ya karanga, anatusubiri. Kaka alilenga, mimi na bibi tulipiga kelele, na mama akalalamika jikoni kwamba majirani watadhani tunapigana. Chai ilinyweka bila kubembelezana. Kikohozi kikapungua, halafu usiku mmoja nikagundua sijakisikia. Mavuno yalipopita alirudi Hombolo kwa miguu yake mizima, na uwele wake akaendelea kuuamia kwa miaka mingi.

Siku hizi hayupo. Runinga ile haipo, na nasikia bastola zile hazifanyi kazi kwenye hizi runinga bapa. Mji nao umepanuka, na pale tulipokuwa tukipita katikati ya uwele kwenda kwa rafiki zetu pamejaa nyumba na kuta. Inaniuma, sitaficha.

Basi pale dukani nikamkatiza yule kijana. "Kati ya hizi, ipi mama yangu ataweza kuicheza?" Wanangu waliinamisha vichwa kwa aibu. Mama amehamia kwangu tangu magoti yaanze kumsumbua, na kila siku anaulizia basi la kurudi kwake. Kijana akafikiri, akagusa ile ya kuchezwa kwa kupunga mkono tu. Mkubwa alinuna mpaka nyumbani.

Jana walimsimamisha mama sebuleni, wakampa pedi, wakamwambia mpira wa tenisi ukija aupige. Mpira ukaja. Mama, yuleyule aliyekuwa akilalamikia kelele zetu, akaitupa pedi kwenye kochi, akapiga makofi mawili. "Haiyaaa!"

"Bibi, mpira hausikii!" wakapiga kelele wanangu, huku wamekufa kwa kicheko.

"Utasikia tu," akasema mama, akapandisha kanga yake, akasubiri mwingine.