Walrasi na Pilau ya Dada

Kilichonitoa nyumbani, mjini Garland, Jumamosi ile ni mdomo wangu mwenyewe. Binti yangu Zuhura alitakiwa aeleze darasani, Jumatatu, walrasi anaishi wapi: yule mnyama wa bahari za baridi mwenye masharubu na pembe mbili kinywani. Houston kuna makumbusho yenye walrasi aliyekaushwa. Nikaropoka, "Utamwona kwa macho yako!" Ahadi ni deni.

Asubuhi, barabara ya kusini. Zuhura alinisomea kitabu njia nzima. Walrasi wako kaskazini kabisa mwa dunia. Hupenda bahari isiyo na kina kirefu, wazamie kula chaza, kisha wapande barafu inayoelea kupumzika na kunyonyesha.

"Pamoja na pengwini," nikachangia.

"No, Baba. Pengwini wako south."

Nikaendesha gari kwa adabu.

Alief, mtaa wa Houston anakoishi dada yangu, adhuhuri. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nimemwambia dada yangu Mwanaidi kwamba tutapita kumsalimia tu. Tukakuta pilau jikoni.

"Dada, tuna-rush, museum itafungwa."

"Upite mlangoni kwangu usile? Huyo walrasi ndiye aliyekubeba mgongoni?"

Tukala. Tukaongezewa. Tulipofika makumbusho, milango imefungwa. Zuhura alilia, nami nikaona aibu mno.

Alief tena, jioni. Dada, roho ikimsuta, alitoa kwenye friza bonge la barafu, akalielesha kwenye beseni uani. Viazi vikawa walrasi, vijiti vya meno vikawa pembe. Lakini joto la Houston halina simile. Barafu ikapungua, viazi vikabanana, kile kidogo kikatumbukia. Zuhura akakiopoa haraka.

"Shangazi, kitabu kimesema barafu ikiisha wanajazana ufukweni. Watoto wanakanyagwa."

Dada akakimbilia friza kutafuta barafu nyingine.

Jumapili tulirudi Garland na ndoo ya pilau. Nilikwenda kutafuta mnyama, nikarudi nimejua kwamba pa kupumzikia njiani si anasa. Jumatatu, Zuhura alipotoka shule, nikamuuliza, "Wamekucheka kwa kutomwona walrasi?"

"Mwanzo, yes. Niliwaambia barafu ni shangazi yao walrasi. Wanapita kwake, wanapumzika, wanaendelea na safari."

"Halafu?"

"Halafu nikawaambia, shangazi anayeyuka. Hakuna aliyecheka, Baba."